Wagonjwa Wasioambiwa

Siku hiyo Muhsina hakukaa akatulia. Anakaa, anainuka, anamimina kahawa, anaiacha ipoe, anamimina nyengine, mpaka wenzake wa ofisini pale Qurum wakamtania kwamba kiti chake kimeingia siafu. Wacheke tu. Yeye ana mama mgonjwa.

Kazi yake ni takwimu za saratani. Anasoma ripoti za madaktari aone kama wameeleza sawasawa walichokifanya. Na mtindo uliowashika wote siku hizi ni ule wa alama: kila mgonjwa anakadiriwa, kwa umri wake, hatua ya ugonjwa na afya yake, alikuwa na nafasi kiasi gani ya kupewa dawa mpya. Kisha aliyepewa anaoanishwa na asiyepewa mwenye alama kama yake, ikatazamwa nani kaishi zaidi. Njia nzuri wallahi, ukieleza umeoanisha kwa mambo gani, nani umemuacha nje, na makundi yamelingana vipi. Lakini wangapi wanaeleza? Wengi wanameza maneno, na waliobaki wanababaika.

Ripoti iliyomnyima raha ilitoka hospitali moja ya hapo hapo Muscat. Ilisema wagonjwa wa saratani ya tumbo waliopewa sindano mpya waliishi zaidi kuliko waliobaki na vidonge. Aflah, kaka yake, alishaikumbatia kama hirizi, kwa sababu picha ya mwisho ya tumbo la mama yao ilionesha uvimbe umekua.

"Vidonge havimsaidii," alimwambia kwenye simu asubuhi ile. "Keshokutwa nampeleka akaanze sindano."

"Kaka, sindano ile kali. Moyo wa mama hauiwezi, daktari keshasema."

"Basi weye msomi nipe sababu nyengine, au niache nimuokoe mama yangu."

Mama yangu! Utasema Muhsina kaokotwa njiani.

Akampigia Dokta Nasr, mmoja wa walioandika ripoti ile. Muungwana, hakuona tabu kuulizwa.

"Mmewaoanisha kwa mambo gani, dokta? Hamkuandika."

"Umri, hatua ya ugonjwa, sukari, moyo. Kurasa zilikuwa chache, tukakata."

"Na waliopewa sindano, walikuwa na kitu gani ambacho wenzao hawana?"

"Hakuna. Isipokuwa wa sindano lazima atie saini mwenyewe, kwa hiyo lazima aambiwe ana nini. Hawa wa vidonge, si unazijua familia zetu? Mtoto anakushika mkono mlangoni: dokta, nakuomba usimtajie mama."

"Na hilo hamkulihesabu kwenye alama?"

"Halimo kwenye faili, binti yangu. Nani anaandika kwamba mgonjwa hajui?"

Muhsina alishukuru, akakata simu, uso unamuwaka. Mlango ule anaujua. Ni yeye aliyemshika daktari mkono. Nyumbani ugonjwa wa mama yake, Bi Khawla, unaitwa vidonda vya tumbo, na ole wake mgeni atakayelitaja lile neno sebuleni. Sasa vipi kama walioishi zaidi hawakusaidiwa na sindano peke yake? Vipi kama tofauti ni kwamba wao walijua wanapigana na nini?

Alitoka kazini bila kuaga. Kutoka pale mpaka nyumbani, Khuwair ya Kusini, si mbali, lakini kila taa ilimuona akija ikawa nyekundu. Alimtukana dereva mmoja ambaye hakumfanya lolote.

Bi Khawla alikuwa jikoni na ungo wake, anachambua mchele.

"Mbona saa hizi? Umefukuzwa?"

"Mama, nnataka kukwambia kitu."

Akasema. Alilitaja jina la ugonjwa kwa Kiswahili, kisha kwa Kiarabu, asije akapata pa kukimbilia. Bi Khawla aliusukuma ungo pembeni.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

"Na Aflah anajua?"

"Anajua. Sote tunajua."

"Mpaka Ruba, mjukuu wangu?"

"Mpaka Ruba. Nisamehe, mama. Tuliogopa utakata tamaa."

Mama aliitazama mikono yake. Vidonge vilipoanza viganja vilichubuka vibaya, siku hizi vimepona vizuri, na Muhsina alikuwa akimshukuru Mungu kwa hilo.

"Vidonge vile vilinichubua, vikanitapisha," alisema Bi Khawla taratibu. "Nikasema, vidonda vya tumbo gani hivi vya kuteswa namna hii? Si bora nnywe maziwa."

"Mama. Umeviacha?"

Bi Khawla alinyanyuka, akafungua kabati la juu, akashusha kopo la biskuti, akaliweka mezani baina yao. Muhsina alifungua. Vidonge vilikuwemo, vya mwezi baada ya mwezi, tele.

Muhsina alianza kuvihesabu.

"Mngenambia tu," alisema mama yake, "ningevimeza huku nnalia."