Harage la Mbele

Kila nikifungua gunia la maharage yaliyohifadhiwa kwa majivu, vumbi lake hunipiga puani, nami hurudi kwenye meza ya jikoni kwetu, mimi na kaka yangu tukipigana vita.

Maharage mekundu yalikuwa jeshi langu, ya njano jeshi lake. Miiba ya mlimau ilikuwa seng'enge, na vizibo vya soda mabomu ya kutegwa ardhini. Sheria alizitunga kaka, na sikuruhusiwa kuzipinga. Kila jeshi lilikuwa na harage moja la madoadoa, mhandisi, na ndilo pekee lililoweza kuondoa miiba. Likigusa kizibo limekufa, ila njia imefunguka.

Siku moja jirani yetu aliingia kuomba kaa la moto. Alikuwa amevuka kutoka Burundi na watoto wake. Mumewe aliwatangulia porini kuangalia njia, na hakuonekana tena.

"Shikamoo, mama," tukamwamkia.

"Marahaba. Na huyu aliye mbele peke yake?"

"Mhandisi," kaka akajibu. "Huyo akifa, wenzake wanapita."

Jirani aliinama akalitazama lile harage. Kisha akaliokota, akalifunga kwenye pindo la kitenge chake, akakaza fundo kwa meno. Akatoka, moto kausahau.

Kaka, ambaye hakuwahi kukubali kushindwa, hakulidai. Hatukuweka harage jingine mbele. Majeshi yetu yalibaki nyuma ya miiba, hadi mama yetu alipokuja kuyazoa akayapike.