Kisima cha Mchangani

Nakumbuka asubuhi moja ya ujana wangu, mwanangu, na kila nikikuona unaipita foleni pale bombani naikumbuka upya.

Enzi hizo, miaka ya hamsini, tulikaa ng'ambo ya Mto Mhumbu. Kila kulipokucha tuliuvuka kwa miguu kwenda kazini mjini Shinyanga: sisi wanawake kuchagua pamba kiwandani, wengine stesheni, wengine kwenye maduka ya Wahindi. Kiangazi mto ulikuwa mchanga mtupu. Tulichimba kisima humo humo, tukakizungushia miiba ng'ombe wasiingie, kisha tukangoja maji yachuruzike taratibu. Unachota kwa kata, unampisha mwenzako. Msukuma, Mmanyema, mke wa katekista, wote foleni moja.

Mimi nilikuwa na miguu myepesi na kichwa kigumu. Siku hiyo kengele ya kiwandani ilikaribia kulia, nikaona kata inanichelewesha. Nikashuka kisimani na karai, nikakwangua kwa nguvu. Ndoo yangu ikajaa, lakini ukingo ukaporomoka, kisima kikafukiwa.

Nyuma yangu alisimama Bi Zuhura, mke wa fundi cherehani, macho mekundu. Mama yake alikuwa amefariki alfajiri, naye alikuwa amekuja kuchota maji ya kumwoshea maiti. Aliinama akautazama mchanga ulioporomoka. Afadhali angenitukana.

Aliyenisema ni Mayu Kabula, bibi wa Kisukuma. Mayu ni mama, nasi wote tulimwita hivyo kwa heshima. Alisema kwa upole, ndiyo maana yaliniingia.

"Binti, aliye nyuma yako hujui amekuja kuchota ya nini."

Yeye alikuwa amekwisha kuchota, yuko tayari kujitwika. Akaugeuza mtungi wake, akamimina yote kwenye ndoo ya Bi Zuhura. Mwenzake akafuata, na mwingine. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi siku ile niliyaona yakizolewa, kata kwa kata. Nami nikamimina yangu, kisha nikapiga magoti nikachimba kisima upya hadi jua la utosi. Kazini sikwenda.

Miaka miwili baadaye nilijifungua mtoto wangu wa kwanza, kiangazi kikali, sina wa kunichotea. Nikasikia hodi. Ni Bi Zuhura, mtungi kichwani.

"Nimekuletea ya kumwogeshea mtoto," akasema.

Nililia, mwanangu. Kiswahili kilinikimbia, nikamwambia "Wabeja," ahsante ya kwetu Wasukuma, na mpaka leo nalitamka neno hilo nikimwombea.

Basi popote utakapokuta watu wanangoja, ngoja nao. Chota kwa kiasi, na kabla hujaondoka geuka umtazame aliye nyuma yako. Subira huvuta heri, na heri hiyo huenda ikaletwa na yule yule uliyemkosea. Mungu akupe majirani kama alionipa mimi, na wao wakikutazama, waseme wamepewa jirani.