Sifuri ya Mama wa Ntalikwa

Juzi nilikwenda chuo kimoja cha kompyuta hapa Tabora kufuata cheti cha mwanangu, nikakuta mtihani wa vitendo ukiendelea, nikasubiri ndani ya darasa. Kila mwanafunzi alitakiwa kuunda kompyuta pepe, yaani kompyuta inayofanya kazi ndani ya nyingine, kisha aiwashe kwa faili la usakinishaji alilowagawia mwalimu kwa flashi.

Kompyuta pepe ya mama mmoja, mkulima wa kijiji cha Ntalikwa, ilikataa kuwaka. Skrini ilibaki nyeusi.

"Mwalimu, faili ulilonipa halikunakiliwa lote," alisema, akionyesha kwa kidole. "La mwenzangu ni kubwa mara mbili."

Mwalimu hakuinama hata kutazama. "Mama, wewe umezoea jembe. Sifuri."

Darasa likacheka. Mama akanakili faili zima kutoka kwa jirani yake, akaliweka, na mashine ikawaka mbele yetu sote.

Mwalimu akakohoa. "Muda umekwisha," akasema, na sifuri hakuifuta.

Nilipomwambia aifute, akaniuliza, "Kwani wewe ni nani?"

Mimi ni mtu niliyeona. Mwalimu alimpa mama yule faili bovu, na aliyefelishwa ndiye pekee aliyejua ubovu uko wapi.