Maziko Ng'ambo ya Kijito

Fundi cherehani alikuwa na ulimi mkali kuliko mkasi wake. Wateja walimcheka na kumwogopa papo hapo. Kibanda chake kilikuwa upande huu wa kijito, na mama yake aliishi kwa kaka mkubwa upande wa pili. Kusema kweli, kukiita kijito ni kukipa heshima tu. Karibu mwaka mzima kilikuwa mchanga mtupu, watoto wakicheza mpira humo. Ila mvua ikinyesha huko milimani, maji yalishuka ghafla, mekundu, yakinguruma, na kabla ya jua kuzama yalikuwa yameshanywewa na jangwa.

Asubuhi moja kaka alimpigia simu: mama amefariki usingizini. Fundi akaacha gauni la watu chini ya sindano, akatoka mbio. Njia ilikuwa ndefu; alipofika ukingoni, jua limeshapanda na kijito kimefurika. Ng'ambo aliwaona waombolezaji wameshabeba jeneza.

Kaka akasogea, akapaza sauti. "Tunaenda kuzika!"

"Nisubirini! Maji haya yanakauka leoleo, kaka, wewe si mgeni hapa!"

"Watu wana shughuli zao!"

"Na mimi sina mama?"

Kaka akageuka, akaenda zake.

Fundi akaketi juu ya jiwe, akayatukana maji mpaka sauti ikamkauka. Kisha akaona anayaonea bure. Maji hayakumjua mama yake. Aliyemjua ndiye aliyempa kisogo.

Alasiri alivuka, maji hayakufika hata vifundoni. Kwa kaka alikuta masufuria yameshasuguliwa na viti vya kukodi vinapakiwa kwenye gari.

"Kumbe haraka ilikuwa ya viti," alisema.

"Mwenye viti alivitaka mapema, mdogo wangu. Nisamehe."

"Usiniguse!"

Mke wa kaka ndiye aliyempeleka kaburini. "Nilimsihi akungoje, wifi," alinong'ona. Maneno yale yalizidi kumchoma: basi kaka alikumbushwa, na bado akaenda.

Tangu siku ile hakukanyaga kwa kaka yake. Sare za watoto wa kaka alizishona vizuri, bila kinyongo. Suruali za baba yao alizirudisha na zipu zake mbovu vilevile. Mwishowe kaka alikuja mwenyewe. Fundi akampa kiti, akampa maji ya kunywa, akamsikiliza akiomba radhi mpaka kaka akatokwa na machozi.

"Bado, kaka," alimwambia. Hasira ilikuwa haijaisha, na hakutaka kumdanganya.