Fizikia ya Duarani

Vijana wanaonijia siku hizi kutaka ushauri wa kusomea udaktari huanza na swali moja: pointi ngapi? Simu iko mkononi, ukurasa wa maombi umefunguliwa, nao wanataka nitaje idadi kama mtu anayetaja bei ya mchele. Nawajibu. Kwa aliyemaliza kidato cha sita ni Fizikia, Kemia na Baiolojia, na ufaulu usiwe wa kubahatisha. Kwa aliyepitia stashahada ya utabibu ni ufaulu mzuri wa stashahada hiyo pamoja na masomo ya sayansi ya kidato cha nne, yote. Nikifika kwenye neno hilo “yote” macho yangu huhamia pembeni. Wao hudhani natafuta miwani. Mimi huwa nimerudi Makongolosi.

Nilizaliwa katika nyumba ya wakulima wa nyanya, jirani na Ilula. Sekondari niliyosoma huko Iringa ilikuwa na mwalimu mmoja tu wa Fizikia, mtu mpole ambaye tulimchosha. Nikiwa kidato cha tatu nilisimama mbele ya darasa zima nikamuuliza, “Mwalimu, Fizikia itanisaidia nini kumtibu mtu?” Darasa likacheka na kugonga madawati. Yeye alipangusa chaki vidoleni, akasema, “Kaa chini, binti.” Nikakaa, na daftari la Fizikia sikulifungua tena. Matokeo yalipotoka nilikuwa na F, nami sikuionea haya, kwa sababu Baiolojia na Kemia zilitosha wakati ule kunipeleka chuo cha utabibu.

Kiburi cha mtoto wa shule hakionekani kuwa na madhara siku kinapotamkwa. Madhara yake huja baada ya miaka, tena kwa barua.

Nilipangiwa zahanati huko Makongolosi, kwa wachimbaji wa dhahabu. Kwenye kitambulisho changu paliandikwa Tabibu, cheo cha mwenye stashahada, lakini neno hilo halikuwa na mtumiaji. Kule kila mwenye koti jeupe ni dokta. Mwanzoni nilisahihisha. Baadaye nikaacha, na kuacha huko ndiko kunakonitia aibu hadi leo, kwa maana nilikuwa nimezoea kuitika kwa jina la kazi nisiyoijua.

Jina hilo lilinigeuka asubuhi moja. Aliletwa mama kijana ambaye mtoto alikataa kutoka, akiwa na mama mkwe wake. Nilimpima, nikaona hapa ni kupasuliwa, nikaanza kuandika barua ya rufaa kwenda Mbeya.

“Huko ni mbali,” alisema mama mkwe. “Mpasue wewe.”

“Siwezi, mama. Sijasomea.”

“Si wewe ndiye dokta?”

“Mimi ni tabibu.”

Alinitazama toka miguuni hadi kichwani. “Na muda wote huu tunakuita dokta ulikuwa unaitika nini?”

Gari lilipatikana, wakaondoka, na mama na mtoto wakapona. Lakini swali lile lilibaki zahanati. Juma hilohilo niliandika maombi ya kusomea shahada ya udaktari wa binadamu.

Jibu lilikuwa fupi: sifa hazijatimia, hana ufaulu wa Fizikia wa kidato cha nne. Mwajiri wangu alikubali kunishikia ruhusa ya masomo hadi udahili wa mwaka uliofuata, si zaidi. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, na mtihani mmoja wa watoto ndio uliosimama kati yangu na ile kazi ambayo watu waliamini tayari ninaifanya. Nikaenda soko la Mwanjelwa, mjini Mbeya, nikanunua kitabu cha Fizikia kilichokwishatumika, chenye jina la mwanafunzi fulani limekatwa kwa kalamu nyekundu.

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza; Kiingereza nilikijua, Fizikia yake sikuielewa. Nilikuwa nikikisoma kati ya mgonjwa na mgonjwa, na aliyenikuta nikikikunjia uso alikuwa mchimbaji mmoja, mtu wa makamo, aliyekuja kila siku kufungwa kidonda cha mguu. Kwao walikuwa wafugaji waliohamia Usangu kutoka kaskazini. Yeye aliacha ng'ombe akaja kuvuta viroba vya mawe kutoka duarani, maana ndivyo wanavyoliita shimo la dhahabu.

“Dokta anasoma nini mpaka anatoa jasho?”

“Fizikia. Nilifeli. Na mimi si dokta, ni tabibu.”

“Basi anayenifunga kidonda hapa ni nani, karani?” Akauvuta ule ukurasa. Palikuwa na mchoro wa gurudumu, kamba na mzigo unaoning'inia. Akacheka hadi bandeji ikalegea. “Hii si ndiyo kapi? Jamani! Dokta kafeli kapi!”

Alikwenda kuwatangazia waliokaa benchini. Siku mbili nzima walinisalimu kwa jina la Kapi.

Siku ya tatu alinipeleka duarani. Palikuwa na nguzo tatu zilizofungwa pamoja juu ya shimo, kapi limening'inia, na kamba iliyochakaa. Alinivutisha kiroba kwa kapi moja, kisha akaongeza la pili, lile linalopanda pamoja na mzigo, akaniambia nivute tena.

“Kimepungua uzito,” nilisema.

“Hakijapungua. Angalia kamba.”

Nikatazama. Kamba iliyorundikana miguuni pangu ilikuwa ndefu mara mbili ya ile ya kwanza.

“Umeona? Kapi haikupi kitu. Inakupunguzia uzito halafu inakuchukulia kamba. Na ukivuta kuelekea huku, mzigo unakuvuta kuelekea kule. Usipokanyaga vizuri, unaingia shimoni wewe, kiroba kinabaki juu.” Kisha akakigeukia kitabu kwa dharau. “Huyu aliyechora hajawahi kuvuta. Kamba yake haikwaruzi popote.”

Miezi iliyofuata tulikuwa na mkataba usioandikwa: mimi namfunga kidonda, yeye ananieleza mitarimbo, mteremko, na kwa nini gurudumu lisilotiwa grisi linaungua. Mambo ya umeme na mwanga hakuyajua, nikayakariri mwenyewe. Nikikumbuka raha ya kujifunza, ninachokiona ni benchi lile la zahanati, harufu ya dawa ya kidonda, na mtu ambaye hakumaliza darasa la tano akinishika mkono uliokosea na kunisogezea kalamu.

Mtihani niliufanyia katika shule moja mjini Mbeya. Nilipoingia chumbani kati ya mabinti wenye masweta ya shule, msimamizi alinijia haraka, kwa heshima.

“Shikamoo mama. Wazazi tunawaomba wasubiri nje.”

“Marahaba. Mimi ni mtahiniwa.”

Nyuma yangu mabinti wakaanza kucheka kwa kuziba midomo. Niliwastahili. Kwangu walikuwa wale wale waliogonga madawati.

Nilipata D, alama ya chini kabisa ya kufaulu. Nilimweleza mchimbaji wangu bila kuipamba.

“Ndiyo ya mwisho kati ya waliofaulu,” nilisema.

“Wa mwisho kutoka duarani naye katoka, dokta. Nenda.”

Nikadahiliwa. Darasani nilikuwa mkubwa kuliko wote. Wenzangu waliniita Mama, na walikuwa wepesi wa kukariri kuliko mimi. Mwaka wa tatu tulipoanza kuzunguka wodini, mhadhiri alitusimamisha kwenye kitanda cha mama muuza mboga wa Mwanjelwa aliyevunjika paja. Mguu wake ulikuwa umefungwa kamba, kamba imepita kwenye kapi mwisho wa kitanda, na chini yake unaning'inia mfuko wa mchanga. Miguu ya kitanda upande huo ilikuwa imeinuliwa kwa matofali.

“Kwa nini matofali?” aliuliza mhadhiri.

Wenzangu walitaja mishipa, damu, uvimbe. Mimi nilikuwa nautazama ule mfuko. Kilikuwa kiroba.

“Mzigo unamvuta kuelekea huku,” nilisema. “Asipopata pa kukanyaga, atateleza mwili mzima na mfupa hautanyooka. Kitanda kikiinuliwa, uzito wake mwenyewe unamvuta kuelekea kule.”

“Umesoma kitabu gani?”

“Sikusoma, daktari. Nilivuta.”

Alinitazama kidogo, akasogea kitanda cha pili, na wenzangu wakamfuata. Mimi nilichelewa. Nilikuwa namfikiria mwalimu wangu wa Iringa, ambaye sikupata kumwomba radhi, na chaki aliyokuwa akiipangusa. Mgonjwa akanivuta koti.

“Dokta, huu mzigo mtaniondolea lini?”

“Bado sijawa daktari, mama,” nilisema, na maneno hayo yalinitoka bila kuniuma. “Nasoma. Lakini huo mzigo naweza kukueleza kazi yake.”

“Haya, nieleze.”

Nikakaa.