Mguu wa Kushoto

Kwetu Mbozi mzazi halishwi tu, anafungiwa. Nilijifungua salama Vwawa, mume wangu akarudi dukani kwake Tunduma, nami nikapelekwa kwa mama. Sheria zake zilikuwa fupi: kitanda, uji, maji ya moto. Hata chooni nilisindikizwa kama mfungwa. Nikitaka kuota jua mlangoni nilifokewa, eti upepo utaniingia.

Siku ya nne mguu wa kushoto ulivimba, huo mmoja tu, mpaka pajani. Mama akasema ni baridi imeshuka. Akachemsha maji, akakunja kitambaa, akanikanda asubuhi na jioni kwa mikono ya mtu aliyelima kahawa maisha yake yote. Niliuma kanga nikanyamaza. Mimi si mtiifu kiasi hicho, ila uchovu humfanya mtu akubali mengi.

Siku ya sita nilishindwa kumaliza sentensi bila kuhema. Kaka akakodi gari.

Daktari alinipima miguu yote miwili kwa futi kamba, kama fundi cherehani, kisha akanipeleka kwenye vipimo. Damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa wa paja, na kipande kilikuwa kimekatika kikapanda mapafuni. Kulala muda mrefu baada ya uzazi huchangia, alisema, na kuukanda mguu wa namna hiyo ni hatari. Tena kuna koo ambazo damu yao huganda upesi kuliko ya wengine.

"Kuna ndugu aliyewahi kuvimba hivi?"

Nilitikisa kichwa. Mama, aliyekuwa kando yangu, ndiye aliyejibu.

"Dada yake. Naye alikuwa mzazi. Nilimkanda hivi hivi. Alikufa akitafuta pumzi."

Wakati ule nilikuwa shule ya msingi. Ninachokumbuka ni watu kusema amerogwa na shangazi, kwa sababu ndiye aliyemletea uji siku ile. Tangu hapo hatukumsalimu, ingawa nyumba yake na yetu zimetenganishwa na mistari michache ya mibuni.

Nilichomwa sindano za tumboni, nikapewa vidonge vya kuzuia damu isigande na agizo la kutembea kila siku. Nilimkasirikia mama siku mbili hivi, nikaacha. Hasira nayo inataka pumzi.

Asubuhi ya kwanza nyumbani alichemsha maji kwa mazoea. Akaweka beseni kando ya kitanda, akaliangalia mpaka maji yakapoa. Kisha akambeba mtoto, akaninyooshea mkono.

"Inuka, mwanangu. Twende."

Tulikatiza mibuni polepole, nikisimama kupumzika. Mama akabisha hodi kwa shangazi. Mlango ulipofunguliwa alisema "Wifi," akakwama hapo hapo. Ikabidi nieleze mimi: damu, mguu, dada.

Shangazi aliuinamia mguu wangu, akautazama bila kuugusa.

"Wa dada yako ulikuwa hivi hivi," alisema. "Niliuona siku ile nilipoleta uji. Hakuna aliyeniuliza."