Nukta Kumi na Nane

Ofisini walimwita Dada Mkono, kwa kuwa aliweza kuvuta mstari kutoka milimani hadi pwani bila kutetemeka. Miaka kumi na tisa alikuwa akichora ramani za atlasi za shule, ghorofa ya tatu, kwenye meza ya dirishani. Lakini asubuhi ile mstari haukuvutika. Alikaa, akainuka, akachonga penseli iliyokwisha kuchongwa, akakaa tena.

Mbele yake ilitandazwa ramani ya lugha: nchi kumi na moja, misitu, nyika na maziwa, yote kwenye kurasa mbili. Ilitakiwa kiwandani kwa wachapaji saa sita mchana. Sheria ya ofisi ilikuwa fupi: kila mahali rangi moja, na watu ambao eneo lao ni dogo kuliko punje ya mtama humezwa na rangi ya jirani. Dada Mkono alikwisha kuwameza wengi, roho kwatu. Leo, chini ya kioo cha kukuzia, alifika kwenye bonde alikozaliwa marehemu mama yake. Lilikuwa dogo kuliko punje. Upande wa juu manjano, upande wa chini kijani. Achague.

Akampigia simu mama mdogo, aliyebaki huko.

"Shikamoo mama mdogo. Hivi nyie huko mnasema lugha gani?"

"Marahaba. Umeanza lini kuumwa, mwanangu?"

"Nauliza kwa ajili ya kazi."

"Sokoni tunasema ya watu wa juu, maana chumvi iko kwao. Shuleni ya watu wa chini. Tukigombana, yetu. Utamtukanaje mtu akaelewa kwa lugha ya kuazima?"

"Na nikiambiwa nipake rangi moja tu?"

"Paka ya matusi!" Akacheka, kisha akashusha sauti. "Ndiyo hiyo hiyo mama yako aliyokubembelezea."

Dada Mkono alipokata simu alichovya kalamu kwenye wino wa zambarau, akaweka nukta bondeni, na pembeni yake akaandika jina la lugha ya mama yake kwa herufi ndogo kama mayai ya sisimizi.

Msimamizi, ambaye wote walimwita Bwana Rula, hakuchukua muda kuiona.

"Hii nini? Wino umedondoka?"

"Ni watu."

"Watu wako." Alijua alikotoka mama yake. "Na hao uliowameza wiki nzima, wao hawakuzaliwa na mama?"

Neno lile lilimchoma. Akafukua rasimu zake na kuanza kuhesabu, kidole kikipita mto baada ya mto. Kumi na saba, bila bonde lake. Akawawekea nukta wote, mbio mbio, huku akitazama saa ya ukutani iliyokuwa na haraka kuliko yeye. Akaanza kuandika majina. Alipofika la tatu, pamoja na lile la mama yake, Bwana Rula akamshika bega.

"Dada, kila lugha yenye jina lazima ielezwe kwenye ufunguo wa ramani, na huo umebaki na mstari mmoja. Kumi na nane utawaweka wapi? Sikiliza. Acha la mama yako, mimi sijaona kitu. Mengine kwangua."

Akamwekea wembe mezani, akaenda zake.

Saa tano na nusu. Dada Mkono aliuzunguka ule wembe kama mtu anayezunguka nyumba yenye mbwa. Lile jina lilikuwa zuri pale. Mwanafunzi fulani angelisoma kwa sauti, mbele ya darasa zima. Alikaa, akashika wembe, akakwangua jina la tatu, la pili, kisha la mama yake, polepole, karatasi isitoboke. Nukta zote kumi na nane akaziacha. Kwenye mstari mmoja wa ufunguo akaandika: *Hapa kuna watu wenye lugha yao, na wanajua na za jirani.*

Bwana Rula alirudi, akasoma mara mbili.

"Wenye nukta watalalamika kwamba majina yao hayamo."

"Walalamike. Toleo lijalo tupanue ufunguo."

Bwana Rula akatia saini akiwa amesimama, na tarishi wa kiwandani akashuka na bahasha.

Dada Mkono hakwenda kula. Alifungua kabati la chuma, akavuta ramani za zamani alizochora kwa mkono wake, akazitandaza sakafuni, akapiga magoti na kile kioo, akianza kuwatafuta aliowameza, kutoka kaskazini.